Zilizopendwa na Mapenzi: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Kazi yangu ni kupiga muziki wa zamani kwenye hafla za Nairobi: harusi, ruracio (sherehe za mahari), sherehe za kustaafu, mara mojamoja matanga. Wageni hunifuata kwenye mitambo wakiwa na sahani mkononi, na wanachouliza ni kilekile. Nimeyapanga maswali hayo hapa, ya msingi yakitangulia na ya kutatanisha yakifuata. Jambo likiwa limeelezwa kwingine nimekuelekeza huko ili nisirudie.

## Mambo ya msingi

1. Zilizopendwa ni nyimbo zipi hasa?

Jijini tukitaja zilizopendwa huwa tunamaanisha nyimbo za dansi, twisti na rumba zilizorekodiwa kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na mwisho wa miaka ya 1980, nyingi zikiwa za mapenzi. Upande mmoja kuna Fundi Konde, mtu wa Pwani aliyepitia kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Upande wa pili kuna bendi zenye jina la Wanyika (tazama swali la 6) na za Wakongo waliohamia hapa.

Hakuna kamati iliyowahi kukaa ikaweka mpaka wa miaka. Kijana wa Kayole ataniambia nyimbo za 2003 nazo ni zilizopendwa, na simbishii. Alizisikia kwenye matatu akienda shule ya msingi. Hapa lakini nazungumzia zile za wakati wa santuri.

2. Kwa nini nyimbo hizi hazichuji?

Wengi hujibu kwamba ni kumbukumbu tu, na hawajakosea. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, walichapisha utafiti ambapo watu wa rika mbalimbali walisikilizishwa nyimbo za miaka tofauti. Walikuta kwamba watu huelemea zile zilizovuma walipokuwa vijana, kilele kikiwa karibu miaka 23 na nusu. Huo ndio umri wa kupenda, kuachwa na kulala njaa ili ununulie mtu zawadi. Lakini kumbukumbu haielezi ni vipi mwanafunzi wa chuo aliyezaliwa baada ya Fadhili William, mwimbaji wa *Malaika*, kufariki mwaka 2001, anauimba wimbo huo mwanzo hadi mwisho bila kukosea.

Mimi naona zinadumu kwa sababu zinaitaja shida kwa jina lake. Mpenzi wa kwenye *Malaika* anapenda, sawa, lakini anachokisema ni kwamba hana mali ya kuoa. Basi. Hajifanyi ana mwezi na nyota za kumpa mtu. Nairobi imejengwa na watu waliotoka kwingine kuja kutafuta. Mwanamume alikaa Makongeni kwenye nyumba za Reli, mke na watoto wakawa Machakos, Maseno au Taita. Barua ilichukua siku, nauli haikuwapo, na umbeya wa majirani ulifika nyumbani kabla ya barua. Nyimbo za mapenzi za mji wa namna hiyo lazima ziwe na mahari, nauli, fununu na kungoja ndani yake. Leo tuna M-Pesa na simu, lakini kijana wa Pipeline anayeahirisha ruracio kwa mara ya pili kwa sababu mfuko umekataa, hahitaji kuelezwa maneno ya 1960.

Halafu angalia zilivyotengenezwa. Sauti haipandi mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki. Kiitikio huimbwa na watu wawili watatu kwa pamoja, kwa hiyo hata mwenye sauti mbovu anajificha humo na hakuna anayemgundua. Magita yanagawana kazi: la besi linatembea, la ridhimu linashona bila kupumzika, la solo linanyamaza mwimbaji akisema na kumjibu akinyamaza. Sikiliza mwanzo wa *Sina Makosa* ya Les Wanyika, yale magita kabla mtu hajafungua kinywa. Nimeona meza nzima ya wazee ikisimama pale, na hakuna neno lililokuwa limeimbwa bado.

Na usiisahau redio. Kwa miaka mingi nchi nzima ilisikiliza Sauti ya Kenya, VOK, iliyobadilishwa jina kuwa KBC mwaka 1989. Mtu alinunua kadi ya salamu, akaandika majina ya jamaa mpaka pembezoni, akachagua wimbo na kuituma. Wimbo ukipigwa ulifika Busia na Lamu jioni ileile. Siku hizi kila mtu ana masikio yake na nyimbo zake, kwa hiyo ni vigumu wimbo wa leo kuwa wa watu wote kwa namna hiyo, hata uwe mzuri vipi.

3. Kwa hivyo watu wa zamani walijua kupenda kuliko sisi?

Hapana. Sikiliza maneno yenyewe: wivu, uongo, kutorokwa, wanaume wawili wakigombea mwanamke ambaye si mke wa yeyote kati yao (tazama swali la 15). Tena zilizotufikia ni zile zilizopita kwenye chujio. Barabara ya River Road hapa Nairobi ilitoa santuri nyingi za ovyo, na hizo hakuna anayekuomba uzipige.

4. Nianzie wapi kama sijui chochote?

Anza na sauti tatu zilizo tofauti. Fundi Konde, *Tausi*, upate gita tulivu na Kiswahili cha Pwani kinachobembeleza. Les Wanyika, *Sina Makosa*, uelewe mjini walichezaje mwishoni mwa miaka ya 1970. Kisha Marijani Rajabu wa Tanzania, *Zuwena*, usikie mwanamume akilalamika kwa adabu. Ukishazizoea hizo, rudi nyuma kwa Daudi Kabaka na twisti za John Nzenze, halafu nenda mbele kwa Orchestra Virunga ya Samba Mapangala.

Usianze na mkusanyiko wa saa nne uliounganishwa na dijei. Hutajua ni nani aliyeimba nini, na dijei mwenyewe atakuwa anapiga kelele juu ya sehemu tamu.

## Nyimbo na waliozitunga

5. Nani hasa alitunga *Malaika*?

Swali hili limeharibu jioni nyingi. Lisiloleta ubishi ni kwamba Fadhili William, Mkenya, aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina lake ndilo lililoambatana na wimbo kote duniani. Ubishi unaanzia kwenye utunzi. Adam Salim wa Tanzania alidai aliutunga katika miaka ya 1940 kwa ajili ya msichana aliyempenda akaolewa na mwingine. Grant Charo naye alidai ni wake.

Wimbo wenyewe ulikwenda zake bila kungoja uamuzi. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka kwenye albamu yao ya 1965, Boney M. wakaurudia mwaka 1981, na Angélique Kidjo pia ameuimba. Mzee akikuapia mezani kwamba anamjua mtunzi wa kweli, msikilize, mwongeze chai.

6. Mbona nyingi za "nyimbo zetu" ziliimbwa na Watanzania na Wakongo?

Kwa sababu mitambo ilikuwa hapa. Nairobi ilikuwa na studio, kampuni za kurekodi na kiwanda cha kutengeneza santuri. Tanzania bendi zilirekodi kwenye redio ya taifa, lakini wimbo kuwa santuri ilibidi upitie Nairobi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikuwa na mashabiki wengi Kenya, na ajali iliyomuua Januari 1979 ilitokea Mombasa.

Wengine walikuja wakabaki. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walifika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitoa wakaanzisha Les Wanyika, na John Ngereza akawa sauti yao kuu. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, waliokuwa upande huu walijikuta wao ndio Kiswahili cha dansi cha Nairobi.

Wakongo walipitia njia nyingine. Super Mazembe walihamia hapa 1974. Baba Gaston alifuata, na mwaka 1976 wanamuziki wake walimwacha wakaunda Les Mangelepa. Walipiga kwenye klabu kama Starlight na Hallian's, wakajifunza Kiswahili cha mashabiki, wakaoa hapa. Kuwaita wageni leo ni kutafuta ugomvi na watu wazima.

7. Mbona nyimbo ni ndefu hivi, na mbona katikati zinabadilika?

Ni santuri ndogo za kasi ya 45 (mizunguko 45 kwa dakika) zilizofanya hivyo. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo uligawanywa: upande A hadithi, upande B magita na kucheza. Upande A mtu analalamika polepole, kila neno linasikika. Ukigeuza santuri, maneno yanapungua, gita la solo linashika usukani, mwimbaji anataja majina ya wenzake na watu wanaacha kukaa.

Kwenye nakala nyingi za mtandaoni bado utausikia mshono. Sauti inafifia kwa sekunde mbili tatu, kisha wimbo unarudi na nguvu mpya. Hiyo ni santuri kugeuzwa. Ukiwa unapiga kwenye hafla usiukate wimbo pale ukidhani umeisha. Wazee watakuangalia vibaya, na wana haki.

8. Sielewi Kilingala. Mbona nyimbo zake zinanigusa?

Kwanza, unaelewa zaidi ya unavyofikiri. "Bolingo" (mapenzi) na "motema" (moyo) yameshakuwa maneno ya Nairobi kwa wapenda rumba. Pili, sauti inabeba nusu ya ujumbe: mtu akibembeleza anabembeleza, iwe Kinshasa au Kawangware.

Lakini ukipata mtu wa kukutafsiria, mtafute, kwa sababu mambo yaliyomo ni matamu. *Mario* ya Franco wa Kongo, ya miaka ya 1980, inamhusu kijana anayelishwa na kuvishwa na mwanamke mwenye pesa aliyemzidi umri. Jina hilo limekuwa neno la mtaani Afrika Mashariki nzima. *Kasongo* ya Super Mazembe ni kilio cha mwanamke anayemwita mumewe arudi nyumbani. Mbilia Bel naye ana *Nakei Nairobi*, maana yake ninakwenda Nairobi, na hapo ukumbi hauhitaji mkalimani. UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2021. Huku tulikuwa tumeshaiingiza kwenye ruracio siku nyingi.

9. Na nyimbo za mapenzi za lugha za mama?

Nazipiga, na mara nyingi ndizo zinazotoa machozi. Kila jamii ina hazina yake: benga (dansi ya magita ya kasi) ya Waluo, Wakamba na akina Kakai Kilonzo, Wakikuyu na Joseph Kamaru.

Kamaru, aliyefariki Oktoba 2018, anastahili aya yake mwenyewe. *Ndari ya Mwarimu*, ya miaka ya 1960, ilimsema mwalimu anayemfanya mwanafunzi wake kuwa mpenzi, na walimu wakaja juu. Watu huuomba kama wimbo wa mahaba kwa sababu sauti yake ni tamu, ilhali ni lawama. Mjukuu wake, mwanamuziki anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake mtandaoni, kwa hiyo huna sababu ya kununua nakala chafu.

Ushauri wa hafla: uliza mapema familia zote mbili zinatoka wapi. Ukipiga nyimbo tano za upande mmoja mfululizo, utaitwa pembeni.

10. Jim Reeves na Dolly Parton wanaingiaje katika maisha yetu?

Kupitia redio, kanda, na Jumapili asubuhi. Jim Reeves alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1964, na bado anaishi katika nyumba nyingi za Wakenya wenye redio kubwa ya mbao sebuleni. Kenny Rogers, Don Williams na Skeeter Davis wako kwenye rafu hiyohiyo.

Nadhani walipokelewa kwa sababu tuliyoiona swali la 2. Kantri nayo ni nyimbo za watu wa mashambani, za barabara ndefu, mama aliyeachwa nyumbani na pesa zisizotosha, tena zinaimbwa kwa Kiingereza cha polepole ambacho mtu wa darasa la saba alikifuata. Leo tuna waimbaji wetu wa kantri, kama Sir Elvis, na ukumbi hujaa.

11. Taarabu inahesabika?

Inahesabika, ila ina njia zake. Ikija Nairobi huwa imetoka Mombasa, na majina ya kushika ni Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Zuhura Swaleh. Usiichanganye na rumba kwenye foleni moja ya nyimbo. Taarabu inataka watu waliokaa, wanaosikiliza fumbo na kujua limerushwa kwa nani.

## Kuzipata na kuzitunza

12. Nazipata wapi Nairobi?

Kama unataka duka, Melodica pale Tom Mboya Street bado lina santuri. Soko la Kenyatta nalo lina kibanda maarufu miongoni mwa wapenzi wa santuri. Nenda siku usiyo na haraka, maana unaweza kukaa saa tatu ukitoa vumbi. River Road na Kirinyaga Road wako wauza nyimbo kwa fleshi, lakini majina ya nyimbo huwa yameandikwa vibaya na ubora ni bahati nasibu.

Redioni, kipindi cha *Roga Roga* cha Fred Obachi Machoka kwenye Radio Citizen kimelea mashabiki wengi wa rumba. Ukitaka historia yenyewe iliyofanyiwa kazi, tafuta vitabu na rekodi za Ketebul Music, taasisi ya Nairobi iliyoanzishwa na Tabu Osusa. Wamewafuata wanamuziki wazee mmojammoja na kuandika habari zao wangali hai.

13. Nimerithi santuri za guka (babu). Nizisafisheje?

Kwanza zipambanue. Zile nzito, ngumu, zinazovunjika zikianguka, ni za kasi ya 78, kwa kawaida za kabla au karibu na uhuru. Zile nyepesi zinazopinda kidogo ni za plastiki.

Za plastiki zioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mistari, usiikate kwa kuvuka, na usilowanishe karatasi ya katikati. Zikaushe kivulini. Za kasi ya 78 usizipake spiriti hata kidogo, kwa sababu spiriti huyeyusha ile lacki iliyotumika kuzitengeneza na wimbo unaondoka nayo. Tena zinataka sindano pana zaidi. Ukitumia sindano ya santuri za kawaida utasikia mikwaruzo na kuzilaumu bure.

Zihifadhi zikiwa zimesimama, mbali na dirisha na mbali na jiko. Usizilaze moja juu ya nyingine, zitapinda.

14. Mbona wimbo mtandaoni unasikika tofauti na nilioujua?

Kuna sababu tatu za kawaida. Pengine umechukuliwa kutoka kwenye kanda iliyovutika, sauti ikawa inayumba, au mtambo wa santuri ulikuwa unakwenda kasi, sauti ikawa nyembamba na wimbo ukaharakisha. Linganisha nakala mbili tatu utaijua iliyo sawa. Pengine ni toleo jipya. Bendi nyingi zilirudia nyimbo zao baadaye, na Them Mushrooms walifanya kazi nzuri ya kuzifufua zilizopendwa, zikiwemo za Fundi Konde akiwa nao mwenyewe. Au umekatwa, ukabaki na upande A tu (tazama swali la 7).

## Harusi, nyumbani na mezani

15. Ni nyimbo gani nisizipige harusini?

Hapa ndipo ninapogombana na wateja, kwa sababu wimbo unaochezeka na wimbo unaofaa ni vitu viwili.

*Sina Makosa* ndio unaoombwa zaidi, na ndio wenye hatari zaidi kama watu wangesikiliza. Mwimbaji anamwambia mwanamume aliyemkasirikia: wewe una mke wako nyumbani, nami nina wangu nyumbani, yule tunayegombania si wako wala si wangu, sasa hasira za nini? Huo ni utetezi wa mume wa mtu aliyeshikwa. Niliwahi kuuombwa kwa ajili ya kukata keki. Niliupiga baadaye, watu walipokuwa wameshakula na kushika gilasi, na hapo hauna tatizo kabisa.

*Malaika* watu huupenda bibi harusi anapoingia. Kumbuka lakini kwamba anayeimba hakufanikiwa kuoa. Kama mahari bado haijakamilika na wazee wa upande wa msichana wako mstari wa mbele, ufikirie mara mbili.

*I Will Always Love You*, iwe ya Dolly Parton ya 1974 au ya Whitney Houston ya 1992, ni wimbo wa kuagana. Dolly aliuandika alipokuwa akimuaga Porter Wagoner, aliyekuwa bosi na mwimbaji mwenzake. Hiyo ni barua ya kuacha kazi. Maharusi wakishikilia, napiga, pesa ni zao.

Zinazofaa bila wasiwasi ni *Tausi* kwa kuingia, na baada ya chakula nyimbo za Orchestra Virunga na Les Mangelepa mpaka watu wachoke wenyewe.

16. Mbona katika nyimbo hizi mwanamke ndiye anayelaumiwa kila mara?

Umesikia vizuri. Zuwena, Georgina, Paulina, Pamela: wanaitwa, wanasifiwa, wanashtakiwa, na nyimbo zao hazijaandika majibu yao. Bendi zilikuwa za wanaume, klabu zilikuwa za wanaume, na mwanamke aliyepanda jukwaani alilipa kwa jina lake. Daudi Kabaka ana *Msichana wa Elimu*, na kichwa tu kinakuonyesha ni nani aliyekuwa akiwapa vijana wa wakati ule wasiwasi.

Majibu ya wanawake utayapata zaidi kwenye taarabu ya Pwani, ambako Zuhura Swaleh hakumwogopa mtu, na kwa Mbilia Bel upande wa Kongo. Mimi huzipiga kwa kufuatana kwa makusudi: mwanamume alalamike, kisha mwanamke ajibu. Akina mama ukumbini huelewa mara moja.

17. Shosho (bibi) amesahau majina yetu lakini anaimba wimbo mzima. Ni kawaida?

Ndiyo, hutokea sana. Kumbukumbu ya muziki mara nyingi hubaki imara hata maradhi ya usahaulifu yanapoondoa majina na tarehe. Mpigie nyimbo za ujana wake, si zako. Hesabu alikuwa na miaka ishirini na kitu mwaka gani, uanzie hapo. Sauti iwe ya wastani, na wimbo uwe mmoja kwa wakati. Wengine hulia. Akilia kwa utulivu kaa naye, akihangaika zima. Na kama hajaonwa na daktari, muziki usichukue nafasi hiyo.

## Visa vya pembeni

18. Naweza kurudia wimbo wa zamani, au kuutumia kwenye video yangu?

Umri wa wimbo haukupi ruhusa. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Rekodi yenyewe inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Hizo ni haki mbili tofauti, na watu huzichanganya. Rekodi ya 1979 inalindwa hadi mwisho wa 2029. Rekodi ya 1963 muda wake umeshapita, lakini kama mtunzi alifariki 2001, maneno na tuni ya wimbo vina mwenyewe hadi mwisho wa 2051.

Kwa hiyo ukirudia wimbo kwa sauti yako unahitaji ruhusa ya upande wa mtunzi. Ukichukua rekodi yenyewe na kuiweka kwenye video, unahitaji na ya mwenye rekodi. Kwa kuupiga hadharani kuna leseni za vyama vya kukusanya mirabaha. MCSK, chama cha watunzi wa muziki, kipo tangu 1983, ila uliza kwanza KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni chama gani kina idhini kwa wakati huo, maana mambo haya hubadilika. Familia za wanamuziki wengi hazijaona chochote cha maana, na hilo ndilo linalonifanya nisizungushe mteja anapoambiwa alipe leseni.

19. Nilizaliwa 2004. Nikisema napenda zilizopendwa najifanya?

Hujifanyi. Mwaka 2024 na 2025 vijana wa rika lako walilichukua jina la *Kasongo* wakaligeuza la utani wa kisiasa, na wimbo ukaanza kuombwa na watu ambao wazazi wao walikuwa watoto uliporekodiwa. Walikuja kwa mzaha, wengi wakabaki kwa ajili ya magita.

20. Kuna wimbo ninaoutafuta. Sijui jina wala mwimbaji. Nifanyeje?

Programu za simu za kutambua nyimbo hufeli sana hapa, kwa sababu santuri nyingi za Nairobi hazijawahi kuingizwa kwenye hifadhi zao, au kasi imebadilika (swali la 14).

Anza na kiitikio: likitajwa jina la mwanamke, mara nyingi ndilo jina la wimbo. Kisha sikiliza mwishoni, magita yanapochemka. Waimbaji hutaja majina ya wenzao na la bendi pale pale. Andika unavyosikia, hata kama si sahihi. Ukikwama, jirekodi ukiuimba, nenda Tom Mboya au Soko la Kenyatta, umchezee mwenye duka. Usione haya na sauti yako. Wameshasikia mbaya zaidi, na mara nyingi kabla hujamaliza mstari wa pili mkono wake unakuwa umeshafika kwenye rafu.